Sifuri za Tsuzura

Kunihiko Tomaru alizaliwa chini ya mierezi, akalelewa kwa fedha ya mierezi, na alipofikisha miaka thelathini na minne mierezi hiyohiyo ikaanza kumnyonga. Babu yake ndiye aliyeipanda baada ya vita, enzi zile kila mlima ulipoamriwa uvae miti. Baba yake akaipogoa. Yeye akabaki mtu pekee kijijini Tsuzura mwenye umri chini ya hamsini na mwenye miguu ya kupanda shina la mita ishirini na tano, kamba kiunoni na msumeno mgongoni. Mimi ni Kinue Kageyama, muuguzi wa afya wa kijiji. Nimemzidi Kunihiko miaka kumi na tano, na siku nilipoanza kazi yeye alikuwa mtoto wa darasa la tatu niliyemfunga bendeji kwenye goti.

Kila Februari milima yetu hugeuka rangi ya kutu, na wapita njia husimamisha magari wapige picha. Ile kutu ni chavua. Upepo ukiitikisa miti, moshi wa njano huinuka bondeni, na kuanzia siku hiyo hadi katikati ya Aprili nusu ya nchi hii inapiga chafya. Wengi wetu huvaa barakoa, tukameza vidonge, tukalalamika kidogo, basi. Kwa Kunihiko mambo hayakuishia puani. Yalishuka kifuani. Ilikuwa pumu ya kweli, ya kumfanya akae kitandani ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, hawezi hata kuniitikia.

"Uza huo mlima, Kuni," nilikuwa nikimwambia.

"Nani ananunua, Dada? Nyani?"

Vidonge vilimletea usingizi, na mtu anayesinzia mita ishirini na tano juu ya ardhi haamki. Akaenda hospitali ya mjini kuchomwa sindano za chavua, zile za kuuzoesha mwili kidogo kidogo. Sindano ya nne nusura imuue. Kwa kawaida mgonjwa hukaa nusu saa baada ya kuchomwa ili aangaliwe. Dakika ya kumi na mbili midomo yake ilivimba, koo likafunga, wakamchoma dawa nyingine pajani wakimkimbiza kwenye machela. Walipomjaribu na dawa ya kuweka chini ya ulimi, ulimi ulijaa mdomo mzima siku ya kwanza. Daktari wa kifua akamwambia bila kupepesa macho: uondoke kwenye mierezi, au subiri misimu miwili mingine nikusainie cheti cha kifo.

Kazi yote ya Kunihiko ilikuwa ndani ya misimu hiyo ya chavua. Na kama kazi peke yake haitoshi, kulikuwa na Bibi Hatsue.

Bibi Hatsue Sekino alikuwa na miaka themanini na moja, na nyumba yake iko chini kidogo ya ya Kunihiko. Hawakuwa ndugu. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha Kunihiko kupanda, na tangu mzee afe kijana ndiye aliyemkwangulia bibi theluji juu ya paa, akampasulia kuni na kumpeleka dukani. Malipo yalikuwa supu ya miso na matusi.

"We mlingoti, sogea, unaniziba jua."

"Jua lenyewe limekuchoka, Bibi."

"Kula figili hiyo unyamaze."

Ndivyo walivyopendana. Kunihiko akiondoka, bibi huyo angepelekwa kwenye nyumba ya wazee mjini kabla theluji ya kwanza haijayeyuka. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitamka.

Kisha Daktari Munakata akaja na sindano mpya.

Daktari Munakata ni mwanamke wa mjini, mtaalamu wa mzio, na kwa miaka thelathini alikuwa akipanda barabara yetu mara moja kwa mwezi kutupima bure. Ametuzikia wazazi. Ana viatu vibovu na sauti ndogo. Mwaka ule alituita katika shule ya zamani, iliyofungwa kwa kukosa watoto, tukakaa watu arobaini na wanane kwenye viti vya darasa la kwanza, magoti yetu masikioni.

"Mwili una walinzi," alisema. "Ninyi wenye mzio walinzi wenu wanaijua chavua kwa sura, na wakiiona wanapiga kengele hata pasipo na moto. Sindano za zamani zina chavua kwa sura yake ileile. Ndiyo maana zilitaka kumuua Tomaru. Hii ni nyingine. Ile protini inayowasumbua tumeigeuza maabara. Tumeikata, tumeiunga upya, sura yake imepotea. Walinzi hawaitambui, kengele hailii. Lakini vipande vyake vyote vimo, na mwili unavisoma polepole mpaka unavizoea."

"Yaani mwizi umemnyang'anya kisu," alisema Bibi Hatsue, "halafu umemkaribisha chai."

"Hasa, Bibi. Chai nyingi."

Tulicheka. Daktari hakucheka sana. Akatueleza kwamba nusu yetu tungepata dawa na nusu maji ya chumvi, chupa zinafanana, zina namba tu, na hata yeye hajui nani anachomwa nini. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa nini nusu nzima ionewe.

"Kwa sababu kuna miaka chavua huwa chache na kila mtu hupona mwenyewe," alisema. "Nitajuaje ni dawa au ni mwaka mwema? Nahitaji wenye maji ya chumvi waniambie jinsi wanavyoumwa. Kila siku kuanzia Februari mtaandika kwenye daftari. Pua, macho, kifua. Sifuri maana yake hakuna shida. Tatu maana yake hali mbaya kabisa. Kinue atayapitia kila Jumamosi na kugonga muhuri. Nawaomba kitu kimoja tu: mwandike ukweli."

Tukainama wote kwa pamoja. Tulikuwa tumemwelewa, na bado hatukuwa tumemwelewa. Unapaswa kuwajua watu wa Tsuzura. Mtu amevunjika mguu, ukimuuliza hali atakwambia anaendelea vizuri, kwa hisani yako. Kulalamika mbele ya mtu anayejitaabisha kwa ajili yako ni kumtupia mzigo miguuni. Sisi tungeona haya kumwambia daktari kwamba dawa yake haitusaidii, kama tunavyoona haya kumwambia mwenyeji kwamba wali wake umeungua.

Siku ya sindano ya kwanza ya Kunihiko nilikaa naye ile nusu saa. Sindano ya dharura nilikuwa nayo mfukoni, na mkono wangu umeishika humohumo. Dakika ya kumi aligeuka rangi ya karatasi.

"Dada, koo."

"Koo lina nini?"

"Sijui. Labda ni woga."

Bibi Hatsue, aliyekuwa amechomwa kabla yake, akageuka kwenye kiti chake kidogo. "Ukifa hapa nani atanibebea kuni? Mimi? Nikubebe na wewe humohumo? Pumua, mjinga we. Pua ndani, mdomo nje. Hivyo. Mkubwa mzima analia kwa tundu la sindano."

Dakika ya kumi na mbili ikapita. Ya ishirini ikapita. Ya thelathini ilipofika, hakuna kilichovimba. Kunihiko alifunika uso wake kwa viganja vyote viwili akakaa hivyo muda mrefu, na bibi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Akachomwa mpaka Januari. Februari milima ikashika kutu, nami kila asubuhi niliamka nikisubiri simu. Haikupigwa. Tarehe ishirini alikuja mwenyewe zahanati, barakoa mkononi badala ya usoni.

"Nisikilize kifua."

"Una nini?"

"Sina kitu, Dada. Nisikilize tu."

Niliweka kipimo mgongoni kwake. Miaka mitatu nilikuwa nimesikia humo miluzi na mikwaruzo. Siku hiyo hewa iliingia ikatoka. Nilihamisha kipimo kila mahali nikitafuta mluzi, sikuupata, na nikaona haya kwa sababu machozi yalikuwa yakinitoka juu ya shati lake. Mtu huyu alikuwa na dawa, si maji ya chumvi. Sikuhitaji mtu aniambie namba ya chupa. Mwaka ule chavua haikuwa chache hata kidogo, nusu ya kijiji ilikuwa na macho kama nyanya.

Laiti yangeishia hapo. Naandika haya kwa hasira, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi.

Katikati ya Machi Daktari Munakata alipanda kuja kutuona. Aliteleza kwenye theluji mlangoni pa shule, akaanguka, akainuka akiomba radhi kwa kuanguka. Alikuwa amekonda. Tulimnywesha chai, na Kunihiko akamuuliza dawa itapatikana lini kwa watu wote. Akajibu kwamba watu wa kampuni inayoigharamia dawa wana haraka na wamechoka kutoa fedha. "Madaftari yenu ndiyo yatakayoamua," alisema. Kisha akapiga miayo akaomba radhi kwa miayo.

Hilo tu. Kunihiko alilibeba neno hilo nyumbani, akaligeuza usiku na mchana, na hesabu yake ikamtoka hivi: madaftari mazuri, dawa nzuri. Madaftari mabaya, dawa inatupwa, naye anarudi kunyongwa. Jumatatu alichukua uyoga wake wote wa shiitake alioukausha tangu vuli, akaufunga vifurushi arobaini na saba, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Nilimkuta kwa Bibi Hatsue. Mimi nilikwenda kupima presha yake. Bibi alikuwa ameketi kwenye meza yenye jiko la moto chini yake, blanketi mapajani, kitambaa chenye maji kimefunika macho. Alipokiondoa nilishtuka. Kope zilikuwa zimevimba zimebaki kama mifereji miwili. Daftari lilikuwa wazi mezani. Pua, tatu. Macho, tatu. Kifua, mbili.

Kunihiko aliweka uyoga mezani akaona. "Bibi, tatu?"

"Macho yangu yanawaka. Njoo uyashike uone."

"Nayaona." Akapiga magoti. "Lakini daktari amekuja huku miaka thelathini. Juzi ameanguka pale mlangoni mwetu. Wakubwa zake wakisoma tatu, tatu, tatu, watasema dawa ni takataka. Wataifunga, Bibi."

"Nilichoandika ndicho ninachoumwa."

"Najua."

"Mwenyewe alisema tuandike ukweli."

"Alisema kwa adabu tu. Angesemaje? Angesema tumpendelee?" Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Wakiifunga, narudi kulekule. Siwezi tena, Bibi. Nimeonja kupumua. Siwezi kurudi."

Birika lilikuwa likichemka. Bibi alimtazama kwa zile kope zake, kisha akanitazama mimi. Ule ndio wakati wangu wa kusema. Nilikuwa mtu pekee kijijini aliyesomea mambo haya. Nilijua kwa nini maji ya chumvi yamewekwa, nilijua kwamba maumivu ya kikongwe yule yalikuwa na kazi. Nilikiona kichwa cha Kunihiko chini kwenye mkeka. Nikakunja kipimo changu cha presha taratibu sana.

"Haya, inuka," alisema Bibi Hatsue. "Unanichafulia mkeka kwa makamasi."

"Sina makamasi, Bibi. Ndilo ninalokwambia."

Bibi akachukua kalamu ya risasi na kifutio, akafuta tatu zote za nyuma, akafungua ukurasa wa siku hiyo. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Aliziandika kubwa, za mviringo, kama mtoto wa shule. Jumamosi nikaja, nikaziona, nikagonga muhuri wangu mwekundu chini yake. Nikagonga na kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, kwa wanawake waliokuwa wakiniandalia chai huku wakipiga chafya ndani ya mikono ya kimono zao za kazi. Madaftari arobaini na manane, kurasa za nyuma zimefutwa na kuandikwa upya, hata moja halina tatu. Nilijiambia ni wema. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini sisi tulikuwa tunaficha kwa heshima, na niliamini heshima haina kilio.

Oktoba daktari alikuja na majibu. Safari hii hakuleta mkoba wa vipimo. Tulikaa kwenye vile viti vidogo, Kunihiko mstari wa mbele amevaa koti la harusi za watu, na mezani mbele yake chupa kubwa ya sake, pombe ya mchele, ya kumpongeza daktari, imefungwa kwa karatasi nyekundu na nyeupe.

"Bahasha za namba za chupa zimefunguliwa," alisema. "Sasa tunajua nani alipata nini. Waliopata dawa walikuwa na msimu mwema sana. Namba zao ni sifuri na moja."

Watu wakaanza kupiga makofi. Aliinua mkono.

"Waliopata maji ya chumvi nao walikuwa na msimu mwema sana. Namba zao ni sifuri na moja." Akaweka karatasi yake mezani. "Hakuna tofauti. Kwa hesabu, dawa hii si bora kuliko chumvi. Kampuni imefunga faili wiki iliyopita. Kiwanda hakitajengwa. Chupa zilizobaki zimeteketezwa. Sielewi. Nimeangalia vipimo vya chavua, ulikuwa mwaka mbaya kuliko miaka kumi iliyopita. Sijawahi kuona kijiji chenye afya kama hiki."

Nilimtazama Kunihiko mgongoni. Niliona jinsi ilivyomfikia. Mabega hayakuinuka wala kushuka, yaliganda. Kisha akasimama, kiti kidogo kikaanguka.

"Daktari, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliwaomba. Nilipita kila nyumba. Niliwaambia waandike sifuri ili tukusaidie."

Daktari Munakata hakuwahi kupaza sauti mbele yetu, si kwenye misiba, si kwenye mlipuko wa homa. Siku hiyo alipaza. "Niliwaomba kitu kimoja! Miaka thelathini nimekuja hapa, sijawaomba hata ndoo ya maji! Miaka tisa ya maabara! Kitu kimoja tu!" Sauti ikamkatika. "Shukrani ya punda ni mateke. Kweli."

Mzee wa nyuma akasimama akasema alikuwa akiumwa sana, angeweza kuandika upya sasa hivi, anakumbuka kila siku. Mwingine akasema hata yeye. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, watu ambao maishani mwao hawajawahi kukiri maumivu, wakisema mimi tatu, mimi tatu, mimi macho yalikuwa hayafunguki. Ilikuwa karibu kupendeza, nami nilitaka kuziba masikio.

"Kaeni," alisema daktari. "Haiwezekani. Bahasha zikishafunguliwa, neno lolote mnaloandika ni uongo mwingine. Hata likiwa kweli."

"Nami je?" aliuliza Kunihiko. "Mimi nilipata ipi?"

Hakuhitaji kuuliza. Daktari alilitafuta jina lake kwenye karatasi, japo nadhani alilijua kwa moyo. "Dawa."

"Na Bibi Hatsue?"

"Maji ya chumvi."

Kunihiko aligeuka. Bibi Hatsue alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono juu ya fimbo.

"Uliumwa kiasi gani, Bibi?"

"Yameshapita hayo."

"Kiasi gani?"

"Jicho la kushoto halijarudi sawasawa," alisema. "Nililisugua mno. Usinitazame hivyo, nina jingine."

Daktari alimwendea Kunihiko akamwinamia, kwa kina, akaomba radhi kwamba alipaswa kutujua baada ya miaka thelathini. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Ile sake hakuna aliyeifungua. Walipotoka wote nilibaki na daktari, nikamwonyesha muhuri wangu kwenye daftari la Bibi Hatsue, nikamwambia nilikuwepo, niliona macho yale. Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Alisema, "Wewe ulijua, Kinue," akavaa viatu vyake vibovu, na tangu siku ile hajapanda barabara yetu.

Kunihiko alijaribu. Semeni mtakavyo, mwanamume yule alijaribu. Tulidhani labda zile sindano zingembeba msimu wa pili, lakini dozi zilitakiwa ziendelee miaka mitatu, naye alipata za miezi mitano tu. Tarehe kumi na nane Februari alipanda mti wa kwanza. Saa moja baadaye nilimkuta chini ya shina, amekaa kwenye theluji, midomo ya buluu, kamba bado imemfunga kiunoni, akivuta hewa kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. Alilazwa siku tisa. Aliporudi hakupanda hata ngazi ya ghala. Akamwuzia mtu wa bonde la pili kamba, misumeno na kigari chake, akapata kazi Okinawa, kisiwani mbali kusini ambako mierezi hakuna, kupakia mizigo uwanja wa ndege. Mlima hakuuuza. Aliniambia wale nyani wamekataa bei.

Nyumba ya wazee mjini ilikuwa imeshampa Bibi Hatsue nafasi, kuanzia Aprili.

Aliondoka asubuhi ya Machi yenye upepo. Kijiji kizima kilishuka kituoni, barakoa usoni, na moshi wa njano ulikuwa ukiteremka juu ya paa la basi dogo. Akapita mstari akiinamia kila mtu, akimuuliza kila mtu hali, kwa sababu ndivyo mtu anavyoaga. Sijambo, wakasema. Hatujambo. Tunaendelea vizuri, kwa hisani yako. Macho yao yalikuwa mekundu, na mzee wa nyuma alipiga chafya katikati ya neno akaomba radhi. Nilipofikiwa mimi nikasema hivyohivyo. Mungu anisamehe, nikasema sijambo.

Bibi Hatsue alikuwa wa mwisho, kwenye kigoda kando ya barabara.

"Hujambo, Bibi?"

Akaivuta barakoa mpaka kidevuni. Pua ilikuwa imechubuka, jicho la kushoto limefumba nusu.

"Sijambo nini," alisema, kwa sauti ya kusikika kituo kizima. "Naumwa. Macho yanawaka, kifua kimebana, nyumba ile sitaki kwenda, na wewe unaniacha. Andika tatu. Unasikia, Kunihiko? Andika tatu kila mahali."

Hakuna aliyekuwa na daftari. Dereva alipiga honi mara moja, ndogo, ya adabu. Kunihiko alibaki ameinama mbele ya kigoda, kichwa chake kikiwa karibu na magoti ya bibi, na bibi akamsukuma bega kwa ncha ya fimbo mpaka akapanda basi.